Mama Aliyezungushwa Mlima Mzima

Jomsom,
mwezi wa Kartik.

Kaka yangu Ngodup,

Shikamoo, na pokea salamu za upepo wa Jomsom, ambao tangu saa nne asubuhi unanitupia mchanga kwenye chai. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi ulichokipata kwenye mabanda ya plastiki huko Ureno kimekuachia. Mgongo nao vipi? Bado mnachuma yale matunda mekundu mkiwa mmeinama mchana kutwa, au msimamizi wenu amepata huruma? Baba nilimwona nilipopita nyumbani. Ni mzima, anakula, anagombana na kuku wa jirani kama kawaida yake. Ngano nyeusi imeshavunwa na kuanikwa juu ya paa.

Mimi mwili hauna neno. Roho ndiyo iliyofura kama unga wa maandazi. Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu hunisikilizi: nikianza tu, unaniambia zamu yako imefika. Barua haina zamu. Atakuletea mke wa Chhimi, anasafiri karibuni kumfuata mumewe. Isome yote, usiruke.

Nimetoka kuwaongoza kuuzunguka mlima watu wawili ambao sitawasahau hata nikizeeka na kusahau jina langu. Mwenye safari alikuwa Nirajan Paudyal, mwanamume wa makamo wa Bharatpur, kule kwenye joto, ambaye siku hizi anaishi Australia. Alikuja likizo fupi akataka kumpeleka mama yake kuhiji Muktinath. Nilimwambia barabara sasa inafika karibu na mlango wa hekalu, wapande gari. Akasema la, Mama ana nadhiri tangu ujana wake kwamba atafika kwa miguu kwa kulivuka pito la Thorong, kama bibi yake alivyofanya. Haya, nadhiri ni nadhiri, sikuwa na ubishi. Ubishi wangu ulikuwa juu ya ratiba. Safari ambayo watu wenye akili hupumzika njiani, yeye aliifungia ndani ya saa yake ya mkononi, na saa yenyewe inalia kama kifaranga aliyepotelewa na mama. Ikilia, tuondoke. Ikilia, tunywe maji. Ikilia tena, tumeshachelewa.

Tangu tukiwa ofisini Kathmandu nilimweleza kwamba mwili haupandishwi juu kama ndoo ya kisima. Hewa ya kule ni nyembamba na damu inataka muda wa kuizoea. Akanijibu kwamba amesoma yote kwenye mtandao, na isitoshe mama yake huizunguka bustani ya mtaa wao kila asubuhi. Bustani, Kaka! Mtu analinganisha Thorong na bustani ya Bharatpur!

Mama mwenyewe anaitwa Bi Sharada, mwalimu mstaafu, mjane, mnene wa kiasi, shali nyeupe mabegani na karafuu mdomoni saa zote. Naye, nisimpendelee, alinichosha kwa njia yake. Hapiti mtu bila kumsalimu, na hasalimu bila kuuliza watoto wangapi na wako darasa gani. Kila ukuta wenye magurudumu ya sala lazima ayazungushe yote, kisha alirudie moja analodhani hakulizungusha vizuri. Kila ng'ombe amshike paji la uso. Mwana yuko mbele anaruka kama mbuzi, mara anaturudia akipiga makofi, "Twende, Mama, twende, tumebaki nyuma!" Na Mama nyuma huko, "Ngoja kidogo, mwanangu, huyu bibi ananipa habari za mkwe wake." Mimi katikati, navutwa huku na huku kama kamba ya mashindano.

Mpagazi wetu alikuwa Dilman, yule Mmagar wa Gorkha unayemfahamu, aliyeangusha jiko mtoni akaapa kwamba limejirusha lenyewe. Siku ya kwanza tu alimwambia Nirajan, "Mkubwa, hiyo saa ungeuvalisha mlima, maana sisi tumeshakuelewa." Nirajan hakucheka. Mama alicheka mpaka karafuu ikamtoka.

Kabla ya Chame tulikuta udongo umeporomoka, magari hayapiti. Nirajan akamwendea dereva wa tingatinga, akamuuliza atamaliza saa ngapi. Yule bwana alizima injini, akawasha sigara, akamtazama toka chini hadi juu. "Muulize huyo hapo juu," akasema, akionyesha genge. "Mimi kazi yangu ni kuokota anachokitupa." Basi tukashuka tukatembea, na kwa sababu ya kutembea ratiba ikaharibika, na kwa sababu ratiba imeharibika mapumziko ya kwetu Pisang yakafutwa. Ndiyo maana nyumbani nilikaa na Baba muda wa kikombe kimoja tu cha chai ya chumvi, tena nimesimama mlangoni. Alikuwa ametutengea mkate. Yeye na Bi Sharada walikaa juani wakishindana ni magoti ya nani yaliyo mabovu zaidi, na wallahi walikuwa wanaifurahia ile mechi. Saa ikalia. Tulipoondoka Baba alikuwa ameshika birika anataka kuniongezea. Nilijisikia kuing'oa ile saa na mkono wa Nirajan.

Tulipofika Manang niligoma. Nilimwambia Nirajan kesho hatuendi popote, tunapumzika, na keshokutwa tukiamka vizuri ndipo tutapanda. Akasema atanishtaki ofisini. Nikamwambia namba ya ofisi anayo, apige. Akasema kiongozi mwanamume asingekuwa mwoga namna hii. Hapo, Kaka, nilihesabu pumzi, la sivyo ningemtupia sufuria. Mama ndiye aliyeuzima ule moto. Asubuhi alitoka chumbani na kopo la maji moto, akakaa juani, akafumua nywele zake zote za mvi, akatangaza kwamba leo anaosha kichwa, na kichwa chenye maji hakipandi mlima. Zilichukua kutwa nzima kukauka. Mwanawe alizunguka ua ule kama fahali aliyefungwa. Nikadhani nimepata mwenzangu, kumbe kesho yake asubuhi mwenzangu huyo huyo alitupotezea nusu ya siku akiwafundisha watoto wa mwenye nyumba ya wageni kugawanya kwa tarakimu mbili.

Yak Kharka ndiko mambo yalikochacha. Tulipofika Nirajan alikuwa amenyamaza, na mtu kama yule akinyamaza ujue kuna jambo. Hakugusa wali. Nilimwuliza kama kichwa kinamuuma, akasema hapana. Kitambo kidogo nikamkuta nyuma ya ukuta wa zizi la yaki ameinama anatapika. Akasema ni supu ya kitunguu saumu. Nikamwambia atembee kwenye mstari kutoka pale hadi kwenye kuni. Alikwenda kama mlevi anayerudi harusini. Nikamwambia basi, bwana, safari yako imefika mwisho, unashuka sasa hivi kabla jua halijatua, Dilman atakushika mkono.

Alikataa. Alikataa mpaka nikataka kulia kwa hasira. Nilimwambia ugonjwa wa mlima hauangalii tiketi ya ndege, kwamba nimeshamshusha mtu mgongoni aliyekataa hivihivi na hakuwahi kuamka. Ndipo akaketi kwenye mavi makavu ya yaki, hakuona hata anapokaa, akanieleza.

Sikiliza maajabu. Kule Kathmandu ameshalipia nafasi katika nyumba moja ya kutunzia wazee. Mama alikuwa apelekwe huko moja kwa moja tukitoka mlimani, ndipo yeye apande ndege yake. Nyumba ya Bharatpur ameshaahidi kuipangisha, na binamu yao yuko kule anafunga vyombo. Na Mama hajui lolote! Alikuwa amepanga kumwambia Muktinath, akishaoga maji matakatifu, moyo wake ukiwa umepoa. Hija yote ile ilikuwa kipande cha sukari cha kumezea dawa chungu. Na sasa kwa kuwa yeye anashuka, akanishika mikono miwili akaniomba, "Dada Norzin, mwambie wewe. Wewe ni mwanamke, utajua namna ya kusema."

Nilipiga jiwe teke hadi kidole kikavimba. Nilimwambia mimi naonyesha watu njia, sibebi habari ambazo wenyewe wameshindwa kuzibeba. Alimwaga machozi. Alisema kila jioni huko Australia anapiga simu na Mama asipopokea mara ya kwanza moyo wake husimama, kwamba mwaka jana Mama alianguka bafuni akalala sakafuni mpaka majirani walipovunja mlango. Haya, hilo nalo ni kweli. Lakini sikumwahidi kitu. Nilimvalisha koti tu.

Tukamwita Mama. Sote tulijua atashuka na mwanawe. Mimi nilikuwa nimeshaanza kufunga begi lake. Bi Sharada alimtazama Nirajan, akampima joto shingoni kwa kiganja, halafu akaniuliza mimi, si yeye, kama atakufa. Nikamwambia akishuka sasa hatakufa, kesho huko chini atakuwa anadai wali.

"Basi ashuke," akasema. "Mimi napanda."

Nirajan alidhani hakusikia vizuri. Alianza kumbembeleza, mara kumkaripia, akasema hawezi kumwacha mlimani peke yake. Mama akamfunga kamba za viatu huku akimjibu, na nakumbuka maneno yake kwa sababu Dilman ameyarudia njia nzima kwa kila mtu aliyekutana naye. "Nilirudi nyumbani kutoka chuoni kwa sababu ulikuwa tumboni. Nilirudi kutoka harusini kwa dada yangu kwa sababu ulikuwa na surua. Nilirudi kutoka Varanasi kwa sababu ya mtihani wako. Leo wewe rudi. Dilman, mshike vizuri, huyu akiumwa hudeka." Wakashuka. Mwana aligeuka nyuma mara nyingi, Mama hakugeuka hata mara moja, ila nilimwona ametafuna karafuu tatu kwa pamoja.

Nimekwambia alinichosha njiani. Juu ya Yak Kharka nilimwelewa. Mwendo wake ule ule wa kuudhi ndio mlima unaoutaka. Hatua, pumzi, hatua, pumzi, na neno kwa kila anayeshuka. Vijana waliotupita kwa mbwembwe tuliwakuta mbele wamekaa wanashika vichwa, naye akawagawia karafuu. Lakini kila tulipopumzika aliniuliza, "Mwanangu alikwambia nini pale zizini? Nilikuona ukipiga jiwe." Nikamwambia alilalamika kichwa. Akasema, "Nimefundisha miaka mingi, binti yangu, najua uso wa mtoto anayeficha daftari la mwenzake." Tulipofika Phedi akaniuliza tena. Tuliondoka alfajiri, tukapanda na baridi inayokata masikio, na kwenye pito lenyewe, katikati ya vibendera vya sala na upepo wa wazimu, alifunga shali yake nyeupe pale kwa ajili ya marehemu bibi yake, akalia kidogo, akapangusa pua, akanigeukia. "Nimefika. Sema."

Nikamwambia habari za chini husemwa chini. Niliogopa, Kaka. Pale juu moyo wa mzee unafanya kazi ya mioyo miwili, sikutaka kuuongezea wa tatu. Tukateremka ule mteremko mbaya mpaka kwenye kibanda cha kwanza cha chai upande wa pili. Akaagiza chai mbili, akakaa kunielekea, akaniambia hataki kwenda kwa Mungu akiwa na habari nusu. Basi nikamwambia. Nilisema yote kwa mkupuo, nyumba ya wazee, upangaji, binamu na vyombo, bafu na majirani waliovunja mlango, machozi ya mwanawe pia, ili nisimwonee.

Hakulia. Aliichovya biskuti kwenye chai mpaka ikakatika na kuzama. Kisha alilipuka, na mwenye kibanda akaacha kuosha vikombe.

"Angeniambia jikoni kwangu!" akasema. "Angeniambia nikimkatia vitunguu, ningelia, ningemtukana, yangekwisha tukala. Kanizungusha mlima mzima! Kaniacha niwaoneshe watu wa njiani, tazameni mwanangu, kaacha kazi Australia kanileta kuhiji. Mpaka baba yako nimemringia! Kumbe nilikuwa mbuzi napelekwa sokoni kwa kuvutiwa majani."

Muktinath alipita chini ya mifereji yote ya hekalu, maji ya barafu yale, akipiga ukelele kila bomba. Mahujaji wengine walisimama wakakunja mikono kwa heshima, wakasema tazama imani ya mama huyu. Mimi nilikuwa karibu nikimshikia nguo kavu. Alikuwa anamtukana mwanawe kwa jina, bomba baada ya bomba. Alipotoka midomo ya bluu, aliniambia amepungukiwa na hasira lakini si zote.

Nirajan naye, alipopata nafuu Manang, alizunguka kwa magari, barabara mbovu zote zile za Pokhara na Beni, akatufikia hapa Jomsom na Dilman, wamejaa vumbi hata kope. Ndege yake ilikuwa imeshaondoka bila yeye. Nilidhani Mama atamrukia. Akamwambia anawe, ale. Alipomaliza sahani ya pili akamwambia, "Sasa sema mwenyewe. Norzin kasema, lakini yeye si mwanangu." Na yule bwana mkubwa, mwenye haraka zake zote, alianza akakosea, akaanza tena. Mwishowe akasema, mbele yangu, mbele ya Dilman, mbele ya mpishi. Mama akasikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. "Nimesikia," akasema. "Hati ya nyumba ina jina langu, nani kakuambia inapangishwa? Bafuni utatia vyuma vya kushikia kabla hujaondoka. Na hiyo nyumba ya wazee nitakwenda kuitazama, chai yao ikiwa nzuri nitafikiri. Nipe chumvi." Wako chumba cha pili hivi sasa, wanabishana ni fundi gani wa Bharatpur hadanganyi.

Sasa, Kaka, nifike kwako.

Bi Sharada alipokuwa anakausha nywele Muktinath aliniuliza, "Na baba yako yule wa magoti, yeye watoto wake humwambia mambo?" Nilijifanya nakamua nguo zake. Kwa sababu tangu kabla ya mavuno ninao ujumbe wako: nimwandae Baba polepole, kwamba mwezi wa Falgun unakuja kwa likizo fupi, kwamba umepata mtu anayetaka kiwanja chetu ajenge hoteli, na Baba ahamie kwenye chumba Pokhara. Uliniandikia hivi, "Wewe uko naye karibu, utajua namna ya kusema." Maneno yale yale, Kaka. Nilipoyasikia zizini kwa mgeni ndipo nilipopiga lile jiwe teke. Hasira zote nilizomwagia mtu wa watu zilikuwa na mwenyewe, ambaye ni wewe.

Basi nakueleza nilichofanya. Sikumwandaa polepole. Nilimpigia Baba simu palepale Muktinath, nikamwambia kila kitu mpaka jina la mwenye hoteli. Najua utakasirika. Kasirika. Baba alikaa kimya hadi nikadhani mtandao umekatika, kumbe alikuwa anafukuza kuku. Akasema hakatai. Akasema baridi ya mwaka jana ilimwingia mifupani, na usiku mwingine hujiuliza ni nani atakayeziba paa. Anaweza kuhama, anaweza kutohama. Lakini akasema hivi, nami nayaandika kama alivyoyatamka: "Mwambie kaka yako mambo hayo nilishayaona usoni kwako ukinywa chai umesimama. Mimi simsubiri mwenye hoteli. Namsubiri yeye. Aje akae mpaka tuchokane, ndipo aniulize."

Kwa hiyo usije na wiki mbili. Kama huna siku, usije Falgun. Ngoja mpaka uzipate, sisi tupo. Mimi sitakuwa mdomo wako tena.

Nisalimie Chhimi, mwambie mwanawe mkubwa ameshaanza kuendesha pikipiki na haambiliki. Usiache kuvaa kile kitambaa cha puani mnaponyunyiza dawa, na ule chakula cha moto walau mara moja kwa siku. Baba anakusalimu, nami nakusalimu kuliko yeye, pamoja na makali yote haya.

Mdogo wako akupendaye,
Norzin